Jambia la Babu na Mawaridi ya Wafalme

Nilipokuwa kijana niliandika tasnifu kuhusu vita vya wafalme wa zamani wa Uingereza: pande mbili za damu moja, hawa na waridi jeupe, wale na jekundu, waliochinjana miaka na miaka kwa ajili ya kiti kimoja. Mwishowe mshindi wa upande mwekundu akamwoa binti wa upande mweupe, na mambo yakatulia. Walioisoma ni wasahihishaji tu, nao walilipwa.

Niliona elimu ile isipotee bure, maana ukoo wetu hapa Maskati nao una pande mbili. Ami yangu, kaka wa baba, anakaa mtaa wa Hail. Sisi tuko Khuwair ya Kusini. Kiti hatuna. Tuna jambia la babu, ambalo kila bwana harusi wa ukoo hulivaa, na tangu babu afariki kila upande unasema ni lake. Lilikuwa Hail. Tulikuwa hatusalimiani hata misibani.

Basi nikashauri binti yangu aolewe na mjukuu wa ami. Mama yangu, aliyekuwa akichambua mchele, alinitazama kwa huruma.

"Kusoma kote kule ng'ambo, ndo' umegundua watu wakioana ugomvi unakwisha? Mie na babaako tulioana ndo' ukaanza."

Nilitabasamu kisomi. Binti yangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepata kazi benki, alisema, "Ukiona wewe inafaa, Baba, sawa." Nikaichukua kuwa ni ndiyo.

Harusi ilifana. Wazee waliokuwa hawatazamani walilishana halua. Nilizunguka ukumbini kama mpatanishi wa mataifa. Nadhani hata mpishi nilimsimulia habari za waridi jekundu.

Mwaka uliofuata mtoto wa dada yangu akaoa. Tukaomba jambia. Hail wakajibu kwamba liko kwa fundi wa fedha, mtaa wa Hamriya. Halikuwa kwa fundi. Binti yangu alikuwa akiliona kila siku kwenye kabati la mkwewe. Nikampigia binti simu mimi mwenyewe, si mama, si dada. Nikamwambia yeye yumo ndani, alichukue kwa siku moja tu, ni haki yetu pia.

"Unaniomba au unaniamrisha, Baba?"

Nilisema namwomba. Baba akiomba amekwisha kuamrisha, na hilo nililijua.

Alilileta chini ya abaya, limefungwa kwa kanga. Bwana harusi alipendeza, picha zilitoka nzuri, na mgeni mmoja akazituma Hail kabla biriani haijapoa. Kesho yake talaka ilifika kwa ujumbe wa simu. Nguo zake zilifuata jioni, kwenye mifuko myeusi ya taka.

Jambia tulimpa dereva alirudishe. Binti yangu akarudi chumbani kwake, ambako nilikuwa nimekwishajaza vitabu vyangu. Wiki ya pili, akipangua rafu, aliikuta tasnifu, akaifungua kurasa za mwisho, akasoma amesimama.

"Huyu waliyemwoza," alisema, "umeandika hapa alileta amani. Mwenyewe alitaka nini?"

Nikamwambia maandishi ya wakati ule hayasemi. Ndivyo tunavyojibu sisi wasomi.

Akairudisha rafuni, akaendelea kutafuta pa kuweka nguo zake.