Siku Tulipoingia Kwenye Wingu la Wadudu

Kampuni niliyokuwa rubani wake ilitutoa mara kwa mara kwenye safari za abiria na kutupeleka kujifunza kushtuka. Sisi wenyewe ndivyo tulivyoyaita, mafunzo ya kushtuka. Mengi yalifanyika ndani ya mashine inayoiga ndege, lakini mwaka ule tulipewa ndege ndogo ya injini mbili, na kituo kikawa Musoma, kwa sababu anga yake haina msongamano. Nilifurahi. Mimi ni mtu wa Bunda, na mama yangu alikuwa amehamia kwa dada yangu pale Iringo, mtaa wa hapo hapo Musoma.

Mwalimu wangu alikuwa kapteni wa makamo, mwenyeji wa Tanga, mpole, mwenye kikohozi kikavu kilichokatiza maneno yake. Kazini tunaongea Kiingereza, ila mambo mazito aliyafundisha kwa Kiswahili. Alisema mtu akiogopa hurudi kwenye lugha aliyolelewa nayo. Yangu ya nyumbani ni nyingine kabisa, lakini sikumbishia.

"Injini kuzima si tatizo, binti," aliniambia. "Tatizo ni akili kukataa kwamba imezima. Ukishtuka, sema kwa sauti unachokiona. Mdomo ukianza, mikono itafuata."

Na kushtua alikujua. Juu ya Butiama alinikatia injini ya kushoto huku ananiuliza hali ya mama. Juu ya Kiabakari alifunika vipimo vyangu kwa kofia yake, nami nikabaki natazama mashimo ya zamani ya dhahabu huko chini nikijua siwezi kutua popote. Kila mara nilisema ninachokiona, nikafanya inavyotakiwa, naye alikohoa na kusema, "Haya, imetosha." Hapo ndipo mwili wangu ulipolegea. Maneno hayo yalimaanisha hatari haikuwa ya kweli.

Tulirudi kupitia ziwani. Mbele yetu, juu ya maji, ulisimama moshi mrefu, mweusi, umenyooka kama nguzo.

"Nani anachoma ziwa?" aliuliza.

"Si moshi, Kapteni. Ni wadudu. Wanatokaga ndani ya maji, mamilioni, wanapanda hivyo hivyo."

Alicheka, akidhani namtania. Nikageuza ndege tuizunguke ile nguzo. Sikuona kwamba nyuma yake kulikuwa na nyingine, pana zaidi, imejichanganya na ukungu wa jua.

Kwanza ilikuja sauti, kama mahindi yanamwagwa juu ya bati. Kisha mwanga ukageuka kijani, ukawa kahawia, kioo cha mbele kikajaa uji. Harufu ya samaki mbichi ikaingia. Mshale wa kipimo cha mwendo ulianza kushuka, taratibu, bila ndege yenyewe kupunguza kitu, mpaka ukalala kwenye sifuri. Kwa mshale ule, tulikuwa tumesimama angani.

Nilingoja kusikia "Haya, imetosha." Najua ni upuuzi, kwa maana hakuna mwalimu awezaye kuagiza wadudu, lakini ndivyo nilivyongoja. Nikamgeukia. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, viganja vimetazama juu. Macho yalikuwa kwenye kioo. Hakupepesa.

Ndipo sauti yake ikaanza.

"Mabawa sawa. Pua usiiguse. Nguvu iache hapo hapo. Mshale unadanganya, achana nao." Kikohozi. "Tazama dirisha la pembeni. Unaona nini? Maji. Unaona nini? Miamba. Basi uko hai, endelea."

Nilifuata neno kwa neno. Tulipotoka kwenye lile giza, kioo cha mbele kilibaki kimezibwa, kwa hiyo nilitua nikichungulia pembeni, sauti ile ikiniongoza mpaka matairi yalipogusa. "Haya," ikasema, "imetosha."

Nilizima injini. Wadudu waliokufa walikuwa wanadondoka kutoka kwenye mabawa, unawasikia.

"Asante, Kapteni," nilisema. "Usingeniongoza, tungekwisha."

Alinigeukia. "Mimi sikufungua mdomo."

"Nimekusikia kabisa."

"Ulikuwa unasema wewe, binti. Kwa sauti yangu. Na kukohoa, ulikohoa." Aliifuta midomo yake iliyokauka. "Wadudu walinishtua kama wangemshtua yeyote. Nikawa najikusanya nichukue usukani. Mara nasikia naongea, kutoka kwenye kiti chako. Nikajiuliza, kama mimi niko kule, hapa amekaa nani? Sikuweza hata kuinua kidole."

Fundi alikuja, akachokonoa mrija wa hewa ulio chini ya bawa, ule unaokipa kipimo cha mwendo habari. Ulitoka mkate wa kijivu, mzito, wenye miguu. Yeye aliona hilo limemaliza maelezo yote.

Jioni nilikwenda Iringo. Mama alinisikiliza akichambua mchele. "Hao sisi tulikuwaga tunawafungia madirisha tu," alisema. Nilipofika kwenye ile sauti aliacha mchele, akanishika koo kwa vidole viwili kama anatafuta uvimbe, kisha akaniambia nikale. Wakati wa kuoga nilijaribu kusema yale maneno kwa sauti ya Kapteni. Nilitoa sauti yangu mwenyewe, nyembamba, ya kuchekesha. Sikurudia.

Asubuhi tuliirudisha ndege Mwanza, tulikoichukua. Aliomba airushe yeye. Ziwa lilikuwa safi, na upande wa kushoto niliyaona mashamba ya pamba ya kwetu Bunda. Hakuniuliza swali, hakunikatia injini. Kila nilipokaa kimya kidogo aligeuka kunitazama mdomoni.

"Ongea, binti," alisema mwishowe. "Chochote kile. Nataka nisikie kwamba ni wewe."

Nikamweleza jinsi tulivyokuwa tunavuna pamba nikiwa mdogo, tulivyoruka juu ya marobota mpaka baba atufukuze. Nilieleza polepole, nikilisikiliza kila neno linapotoka. Naye alisikiliza vilevile, mikono yote miwili kwenye usukani, mpaka tukaiona Mwanza.