Kadi Iliyozidi Kimo

Kompyuta ya kanisa letu pale Kikima ilitoka kwa ofisi fulani ya mjini iliyokuwa ikitupa vitu vyake vya zamani. Ilikuwa nyembamba, nyeusi, ya kusimama kwa ubavu. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa kanisa, na kwa barua, matangazo na vyeti vya ubatizo ilinitosha kabisa. Shida ilianza nilipotaka kutengeneza filamu.

Tulikuwa tunajiandaa kusherehekea miaka tangu kanisa lijengwe, na wale wamama waliobeba mawe ya kulijenga kutoka mtoni kwa mwethya, kazi yetu ya kusaidiana, walikuwa wamebaki saba tu. Niliazima kamera ya shule nikawafuata nyumbani mmoja mmoja. Wa tatu alikuwa mama yangu mzazi. Aliketi kwenye kiti cha plastiki nje ya jikoni, akauliza kama anaweza kuimba badala ya kuongea, maana kuongea kulikuwa kunamchosha. Akaimba. Baada ya miezi minne tulimzika.

Video zote zilikuwa kwenye ile kompyuta. Lakini kila nilipojaribu kuziunganisha, iliganda. Sauti ya mama inaendelea, uso wake umesimama mdomo wazi. Nilisoma kwenye simu kwamba mashine ikipata kadi ya grafiksi, kile kipande kinachoibebea kazi ya picha, hata ya bei ya chini, inaweza kupumua. Nilipoenda Kitui kumwona dada yangu, nikapitia kwa mzee mmoja Mwislamu anayeuza kompyuta zilizotumika.

"Yako ni nene au nyembamba?" aliniuliza.

"Nyembamba."

"Basi kadi nyingi kati ya hizi hazikufai. Nenda uifungue, mwanangu. Pima kimo cha nafasi ya kadi pale nyuma. Soma wati kwenye kile kisanduku kinachogawa umeme. Kisha uangalie kama kuna waya wa ziada wa kulisha kadi. Usinunue kitu kabla hujayajua hayo matatu."

Nilirudi nikaifungua kwa bisibisi ya cherehani. Nilipima kwa rula. Kimo hakikufika sentimita nane, wati zilikuwa mia mbili na arobaini, na waya wa ziada haukuwepo. Nilimpigia yule mzee simu nikamsomea.

"Vizuri," alisema. "Unataka kadi fupi, ya feni moja, inayotosheka na umeme wa ile bodi kuu inayochomekwa. Haina nguvu nyingi, lakini itaishi na hiyo mashine. Ninayo moja. Nitakuwekea."

Niliandika yote hayo kwenye karatasi nikaipeleka kwa kamati. Mwenyekiti, mzee wa kanisa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliisoma akaiweka chini ya Biblia yake.

"Dada, tusiinunulie nyumba ya Mungu kitu kifupi," alisema. Watu wakacheka. "Mimi naenda Nairobi Alhamisi. Nitaleta kitu cha maana."

Nilisema hakitaingia. Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio uliniuma: "Wewe tuandikie ripoti."

Alirudi na boksi refu. Kadi yenyewe ilikuwa na feni mbili, nene kama mkate. Alikuja pia na fundi wa pale sokoni, ambaye aliijaribu mara mbili, akasimama.

"Mzee, haiingii."

"Kata hapo pembeni."

Fundi akatoa msumeno wa chuma. Mimi ndiye niliyeshika kompyuta isitikisike. Vumbi la chuma lilinidondokea kwenye sketi. Kisha fundi akaona kadi inadai waya ambao haupo, akatafuta kiunganishi mfukoni, akakichomeka kwenye waya uleule uliokuwa unalisha diski. Nilimwona, na nilijua vilivyokuwa ndani ya diski ile. Kamera nilikuwa nimeirudisha shuleni na kadi yake ya kumbukumbu ilishafutwa. Nakala nyingine sikuwa nayo. Kila wiki nilijiambia nitanunua diski ya pembeni, na kila wiki nikaahirisha.

Ningeweza kusema, ngojeni kidogo, nihamishe video za wamama kwanza. Maneno hayo yalikuwa mdomoni. Nikayameza. Nimejaribu miaka hii yote kujiambia kwamba niliogopa, lakini sikuogopa. Nilikuwa na hasira, na nilitaka ile kadi ishindwe mbele yao wote, aibu imwendee mwenyekiti.

Haikushindwa siku hiyo. Iliwaka, wakapiga makofi, tukaomba.

Siku ya nne nilikuwa peke yangu ofisini, mchana. Video zilikuwa zinateleza kama maji, na nilikuwa nimefika sehemu ya mama. Nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipoinama kutafuta swichi ukutani, skrini ilizimika, na kwenye ubavu uliokatwa ukatoka moshi mwembamba.

Niliipeleka Kitui. Yule mzee aliuliza swali moja tu: "Nani alikata hapa?" Akaifungua. Kiunganishi kilikuwa kimeyeyuka, na diski iliyokuwa kwenye waya huohuo ilikuwa imeungua bodi yake. Aliituma diski kwa mtu anayemjua Nairobi. Baada ya wiki tatu tukarudishiwa kilichopatikana: vyeti vya ubatizo, matangazo ya kamati, na ripoti zangu. Video hata moja haikurudi.

Siku ya sherehe mwenyekiti alisema kwenye kipaza sauti kwamba kompyuta ya kanisa ilikuwa imezeeka, ikafa, na tumshukuru Mungu kwa muda iliotutumikia. Watu wakasema amina. Nilikuwa naandika kumbukumbu za siku hiyo. Niliandika hivyohivyo alivyosema, nikaweka sahihi, na mwezi uliofuata nikaacha kazi.

Sasa nina chumba Mukuyuni. Nachapa ratiba za mazishi, nawajazia watu fomu, natengeneza video za harusi. Mwaka jana mwenyekiti aliingia amevaa koti jeusi. Mke wake alikuwa amefariki. Alinipa simu iliyokuwa na video za marehemu, akaniomba nitengeneze filamu fupi ya kuonyeshwa kanisani.

Nilimpa kiti. Nilifanya kazi hiyo vizuri, pengine kuliko zote nilizowahi kufanya. Mke wake alionekana akichambua maharagwe, akimfukuza kuku, akimwambia anayempiga picha aache upuzi. Mzee alilia bila kujifunika uso.

"Haiwezi kupotea hii?" aliniuliza.

"Haiwezi. Nimeiweka mahali patatu."

Nilimngoja. Nilipanga waya polepole, nikafuta meza ambayo haikuwa chafu, nikampa nafasi ya kusema neno moja tu kuhusu mama yangu. Alikunja leso yake, akasimama.

"Asante sana, dada. Kumbe hizi mashine unazijua."

Nikamwambia pole kwa msiba. Akatoka, akasimama barazani akitafuta gari la kurudi Kikima, na mimi nikamwita mteja aliyekuwa akingoja fomu yake.