Koili Ndogo ya Yanjmaa katika Bonde la Mawe Meusi

Saa moja na robo asubuhi. Jua limetoa jicho moja tu juu ya kilima, na umande ulioganda unameta kama chumvi iliyomwagika. Yanjmaa anaegesha pikipiki, anavua hereni za fedha za marehemu mama yake, anafungua mkanda wenye bizimu, anachomoa kisu kiunoni. Vyote anavifunga kwenye kitambaa na kukining'iniza kwenye usukani.

"Nikibaki hata na kipini, mashine itanisikia mimi badala ya dhahabu," anasema. "Huku mwanamke anakuja bila urembo. Mkinikuta nimependeza, jueni sifanyi kazi."

Anachovya kidole kwenye chupa ya maziwa na kurusha matone matatu, kuiomba radhi ardhi kabla ya kuichokoa. Kisha anavaa hedifoni na kuinua mashine ya kutafutia dhahabu. Kwenye ncha ya fimbo kuna koili, ile sahani inayopita juu ya udongo ikisikiliza. Yake ni ndogo, upana wa bakuli la chai.

Kitendawili: sikio la sahani, humsikia aliyezikwa, halimsikii anayeita. Ukishindwa kukitegua, mwulize Gombo, mchimbaji mwenzake, ambaye ameshaita mara nne bila kujibiwa.

"Dada Yanjmaa! Chai inaganda huku! Au umeolewa na hiyo fimbo?"

Yanjmaa anavua upande mmoja wa hedifoni. "Fimbo hii hainijibu jeuri, mdogo wangu. Nikae nayo tu."

Ana miaka hamsini na sita, na hakuzaliwa mtafuta dhahabu. Miaka mitatu iliyopita alikuwa mfugaji mwenye mifugo mia tatu na arobaini, hapa hapa mkoani Bayankhongor. Ikaja dzud, baridi ile ambayo barafu hufunika majani na mnyama hufa kwa njaa akiwa amesimama juu ya chakula chake. Ilipofika Machi hakuwa na hata mmoja wa kukamua.

"Siku za mwanzo nilikuwa nawahesabu," anasema. "Baadaye nikaacha kuhesabu, nikawa nawaburuta tu."

Kilichobaki ni kambi ya baridi: zizi la mawe lililojengwa chini ya mwamba unaokinga upepo, mahali ukoo wake umelala kwa vizazi vitano. Lakini kwa desturi ya eneo lao, kambi isiyolala mifugo kwa misimu mitatu ya baridi hupewa familia nyingine. Misimu miwili imeshapita. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja mwenyewe, akanywa chai, akavuta tumbaku ya puani, ndipo akalitoa lililomleta: awe na kondoo jike thelathini kabla ya theluji kubwa, la sivyo zizi litapata mwenyewe mwingine.

Thelathini. Gramu moja ya dhahabu hununua kondoo jike mmoja, na pengine hubaki chenji ya unga.

Yanjmaa aliuza tandiko na cherehani, akanunua mashine iliyotumika. Ilikuja na koili pana kama mfuniko wa sufuria la harusi. Bonde zima la Harchuluut linapenda koili za namna hiyo, kwa sababu zinasikia chini zaidi, na kila mtu anaota bonge la ukubwa wa ngumi. Mabonge yalikuwepo zamani. Wenye koili pana wa kwanza waliyachukua, na waliofuata wanatembea juu ya nyayo zao.

Tena mawe meusi yaliyolipa bonde jina yana chuma ndani. Koili pana hapa inalia kutwa kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Kabla ya kutoa fedha kununua koili nyingine, alifanya jaribio. Alichukua punje ya risasi ya kuwindia ndege, akaifukia chini ya udongo urefu wa pingili mbili za kidole, akaazima koili mbili za kushindana na yake. Ile pana ilipita juu yake kama tajiri anavyompita fukara. Ya pili, yenye nyaya mbili zilizolaliana ndani, ilitulia vizuri juu ya mawe meusi, ila punje haikuitamka. Ya tatu, ndogo, ilisema "wii", kwa sauti nyembamba kama ya panya.

"Nikajua huyu ndiye wangu," anasema. "Kubwa inasikia mbali, lakini haisikii wadogo. Na mimi waliobaki kwangu ni wadogo."

Aliinunua kwa tugriki laki tisa, bei ya kondoo wanne au zaidi kidogo. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Unafagia jangwa kwa kijiko, dada," Gombo alimwambia siku ile. "Nitegee kitendawili, labda nitaelewa."

"Kitendawili!"

"Tega."

"Mpana hulala na njaa, mwembamba hushiba."

Gombo akajikuna. "Nimeshindwa. Nakupa Ulaanbaatar yote."

"Na moshi wake wote? Kaa nayo. Jibu ni sindano na mkuki, mshonapo nguo."

Lakini kwa siku tisa, Yanjmaa ndiye aliyelala na njaa. Alifagia kipande kilekile, mstari kwa mstari kati ya kamba alizozitandaza, polepole, na hakuokota ila vifuniko vya chupa na kipande cha lijamu. Usiku wa tisa alilia, anakiri bila aibu. Koili aliichagua kwa akili zake mwenyewe, hakuwa na wa kumlaumu.

Aliyemfumbua macho ni yule yule wa kejeli. Gombo alizaliwa mjini, alikuwa dereva wa lori, hajawahi kukimbiza farasi. Asubuhi ya siku ya kumi alimtazama akifanya kazi, akaangua kicheko.

"Dada, unatafuta dhahabu au unakamata farasi? Kila ukifika mwisho, mkono unapaa!"

Yanjmaa akafungua mdomo amjibu, kisha akatazama chini. Jua lilikuwa la chini, kivuli cha koili kirefu. Katikati ya mfagio, koili na kivuli chake viligusana. Kila alipofika kushoto na kulia, viliachana, upana wa kiganja.

Maisha yake yote alikuwa ameshika uurga, mti mrefu wenye kitanzi wa kukamatia farasi, na mti ule humalizia juu. Mkono haukusahau. Koili kubwa ingeweza kuusamehe mkono huo. Ndogo haisamehe: ikipaa kiganja kimoja, ni kama haipo.

"Nilirudi mwanzo wa kamba," anasema.

Alijifunga kiwiko ubavuni kwa kitambaa ili mkono usipae, akarudia kipande chote. Siku ile ya kumi ilimpa punje sita, ndogo kama mbegu za mtama, karibu zote kwenye kingo za mistari yake mwenyewe. Hazikufika hata nusu gramu. Alizitia ndani ya kichupa cha dawa ya macho, akakilaza kifuani.

Toka Mei hadi mwisho wa Septemba ameokota hivyo, punje kwa punje, akifukia kila shimo na kurudisha majani juu yake ili mguu wa mnyama usivunjike. Kondoo jike ishirini na sita wako kwa binamu yake wakimngoja. Bado wanne.

Ila ardhi imeanza kuganda. Leo ncha ya sululu yake inaruka kama imegonga chuma. Mashine inasikia, mkono haufiki.

Anapokaa kunywa chai yenye maziwa na chumvi, Gombo anasogea, anazungukazunguka maneno, mara hali ya hewa, mara bei ya petroli.

"Sema, mdogo wangu. Unakohoa bila kifua."

"Koili yako. Nina kondoo jike wanne wa mke wangu. Uniuzie."

"Si kijiko hicho?"

"Nilisema mengi, dada. Nisamehe."

Yanjmaa anaitazama koili. Bila koili hiyo, kiangazi kijacho hana cha kuleta bondeni isipokuwa ule mfuniko wa sufuria, na huo haulishi mtu hapa. Gombo mwenyewe anamuuliza, kwa upole safari hii, mwakani atakula nini.

"Nitakula maziwa," anasema. "Koili haizai."

Anaifungua pale pale kwenye fimbo, anaifuta vumbi kwa mkono wa nguo, anampa. Lakini kondoo anataka kuwachagua mwenyewe, na meno yao atayatazama.

Alhamisi anahamia kambi yake ya baridi. Ameazima ng'ombe dume wawili wa kubeba hema na kondoo dume mmoja kwa majike yake. Wana watazaliwa Aprili, Mungu akipenda. Kwanza, anasema, atafagia vumbi zizini mpaka aifikie sakafu ya mavi makavu iliyoshikamana miaka kwa miaka, kitanda ambacho huwapa wanyama joto usiku wa baridi. Tabaka la juu ni la mifugo yake iliyokufa. Lililo chini yake ni la mifugo ya mama yake.

"Nataka theluji ikianguka," anasema Yanjmaa, akivaa hereni zake, "juu ya mavi hayo kuwe na mabichi."