Matuta ya Kuingilia Chuo Kikuu

Nilikuwa nachekecha unga, jirani alipoingia mbio. "Mama, binti yako analima kwa balozi wa nyumba kumi! Si ana mtihani kesho?"

Nikaenda. Nilimkuta kweli, mtoto wa kidato cha pili, jembe mkononi kwenye matuta ya karanga, baba yake kasimama akimhimiza.

"Baba watoto, ndiyo nini hii?"

"Maandalizi. Chuo kikuu siku hizi hawamchukui asiyependekezwa na chama. Balozi ndiye chama hapa mtaani; amjue mapema."

Balozi, kivulini, akanyoosha kidole kwenye matuta ya mbali, walikoinama wanafunzi wengine. "Yule anataka udaktari, shemeji. Yule uhandisi."

"Mama," binti akaninong'oneza, "aljebra sijaigusa."

Nikamnyang'anya jembe, nikampa baba yake. "Pendekezwa wewe."

Wazazi wenzangu, pendekezo huombwa baada ya kidato cha sita, na huko hakuna aliyefika kwa kulima karanga za mtu.

Jioni nilipakua ugali na mlenda. Binti alikula kitabu kikiwa magotini. Baba yake alikuja wa mwisho, viganja vimetoka malengelenge, akanawa, akaketi. Tukawa tumetimia.