Shule ya Ghorofani

Nilipovunja ungo baba alinitoa shule, akatangaza kuwa kuanzia siku hiyo nitasomea nyumbani. Alivyolitamka hilo "utasomea" ungedhani ameshajenga chuo. Kilichokuwapo ni chumba cha juu, mkeka, na dirisha linalotazama kichochoro cha mtaa wetu wa Malindi. Mwalimu hakuwapo. "Akili unayo, utajisomesha mwenyewe," aliniambia, kisha akenda zake Kidichi kutazama mikarafuu yake. Baba alikuwa mtu wa mawazo makubwa, mradi kazi aifanye mwingine.

Basi nikajisomesha. Nilikuwa na hasira nyingi, na hasira, kwa kweli, husomesha vizuri. Kila alasiri shoga yangu wa nyumba ya pili akitoka shule, nilimshushia kwa kamba kikapu kile kile tulichonunulia samaki dirishani, naye akatia madaftari yake. Nilinakili yote. Makosa yake niliyasahihisha bila kuombwa. Asubuhi madaftari yalimrudia yananuka nguru, lakini hakulalamika. Alama zake zilikuwa zikipanda, masikini, akidhani ni akili zake.

Mwaka wa pili ukawadia mtihani wa kuingia darasa la ualimu. Niliutaka mtihani ule kuliko mume, kuliko dhahabu, kuliko chochote walichokuwa wakiniwekea sandukuni. Mwalimu wangu wa zamani, Mungu amrehemu, alikuja mwenyewe na buibui lake kumwomba baba aniruhusu.

"Huyu hajasahau kitu," alimwambia. "Niache nimpime hapa hapa, bwana, uone."

Baba akakubali. Akakaa kitako, akaagiza kahawa, kama mtu aliyekwenda kutazama ngoma. Nikaulizwa hesabu za pishi na vibaba, nikazijibu. Nikapewa ukurasa wa Kiingereza, nikausoma mbio. Nikaandikishwa imla, na kalamu nyekundu ya mwalimu haikupata pa kutua. Moyo wangu ulikuwa ushafika darasani, ushakaa mstari wa mbele.

Baba akatabasamu hata nikaliona jino lake la dhahabu.

"Mashaallah," alisema. "Yote haya kayajulia hapa hapa nyumbani?"

"Naam, bwana," mwalimu akajibu kwa fahari.

"Basi, Bi Mwalimu, huko shule anakwenda kutafuta nini tena?"

Mwalimu akaifunika kalamu yake nyekundu. Akamaliza kahawa yake kwa adabu, akatengeneza buibui lake, akaaga. Baba alinipongeza sana. Aliniahidi hata daftari jipya, maana ukarimu haukumpa tabu siku ile. Mimi nikenda jikoni, nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikalia kwa uchungu ambao mpaka leo sijausamehe.

Mama alikuwa akichagua mchele. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe mwanangu, ungekosea japo mawili matatu, ungepungukiwa na nini?"