Katikati ya Kitunga cha Tonton Ruphin

Wapo watu wa Simi-Simi, mtaa wa Kisangani kando ya mto, wanaoapa kwamba Marceline hunusa samaki aliyeoza wakati samaki mwenyewe angali anaogelea. Wanasema siku moja alimwambia mvuvi, "Yule wa tatu upande wa kushoto, mwache tu," na wavu haujatoka majini. Nusu ya hayo ni uongo. Ile nusu nyingine ndiyo inayomlisha.

Mambo yalianza na kitunga kimoja. Alikinunua ufukweni, samaki wa moshi waliokuwa juu wamenona mpaka wanang'aa. Alipokifungua nyumbani, chini ya safu ya kwanza akakuta vichwa vitupu, majani mapana ya mangongo ya kufungia chakula, na jiwe ambalo bila shaka lilisafiri toka Banalia bila kulipa nauli. Mwingine angerudi sokoni kutukana hadi mto ukauke. Marceline alikipindua kitunga uani, akapiga picha, jiwe limekaa mbele kama bwana harusi, akaandika maneno machache tu: "Hivi ndivyo chini ilivyokuwa."

Faustin, anayechaji simu za watu kando ya barabara, akamfungulia blogu. Blogu ni baraza iliyo ndani ya simu: haina paa, haina kiti, na mtu wa Bunia anakaa humo bila kutoka Bunia. Marceline akaiita Chini ya Kitunga. Kwa miaka miwili hakuuza hata mkia. Kila asubuhi alishuka ufukweni, akapindua kitunga cha huyu na cha yule, akaandika: samaki aina ya mboto wa leo wamekaushwa vizuri, hawa wamekaushwa kwa kuni mbichi, ukiwapika nyumba nzima italia. Wauzaji walimchukia sana. Mmoja alimletea ngolo, kambale mnene kama paja, ili aandike vizuri juu yake. Marceline alimla yule ngolo, akashukuru, akaandika ukweli.

Wasomaji walianza kumi na mmoja, wakawa wengi kuliko watu wa kwaya zote za Kisangani. Ndipo Mama Naomie wa Bunia, anayepikia watu kwenye arusi na matanga, akamwandikia: "Miye niko mbali, sitaona. Unichagulie weye mwenyewe." Biashara ikazaliwa hapo. Baada ya Bunia ikaja Buta, baada ya Buta ikaja Kindu. Sheria ilikuwa moja: hakuna kitunga kitakachopanda lori kabla hakijapinduliwa mbele ya simu na picha kuwekwa kwenye blogu.

Sasa, Marceline ana mjomba, ndugu ya mama yake, Tonton Ruphin, mvuvi wa pale maporomokoni. Na mjomba wa upande wa mama si mtu wa kuchezea. Akinuna, hata sufuria yako inakataa kuchemka. Siku aliyokuja na kitunga kirefu kama mlango, Marceline alijua balaa limeingia uani.

"Tonton, unisamehe. Ni lazima nipindue."

"Weye? Unapindua kitunga ya ndugu ya mama yako, majirani banaona?"

"Ya kila mutu, Tonton. Hata pasta nilipindua yake."

"Bon. Pindua. Utaona haya mwenyewe."

Akapindua. Mama yangu! Mboto walimwagika juu ya turubai, lundo moja, wapana kama makasia, rangi ya dhahabu, harufu yao ikatoka nje ya ua na kuwaamsha paka wa mtaa wa pili. Marceline akapiga picha. Haya ikamjaa kweli.

"Unaona?" Tonton Ruphin akasema taratibu, kama mtu aliyeumizwa. "Alors, nitabarudisha ndani miye mwenyewe. Weye nenda kunipikia chai. Ao chai pia iko na sheria?"

Ungefanya nini? Alikwenda kupika chai. Akaitia sukari nyingi, sukari ya kuomba msamaha. Aliporudi, kitunga kilikuwa kimeshafungwa na kamba, na mjomba amekikalia. Kikapanda lori la Bunia.

Jumatano, lori lilipofika Bunia, simu ya Marceline ikalia. Mama Naomie alikuwa ametuma picha. Juu ya kitunga, mboto wa dhahabu. Chini, mboto wa dhahabu. Katikati, vipande vyeusi vilivyotobolewa na wadudu, na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Chini ya picha ameandika: "Arusi ya kitindamimba wangu iko Jumamosi. Marceline, hata weye?"

Maneno hayo mawili ya mwisho yalimchoma kuliko matusi yote ya ufukweni. Maana kwenye blogu hauzi samaki. Samaki wako kila mahali. Anauza macho yake. Watu wa Bunia wakiacha kuyaamini, atabaki mwanamke mwenye simu.

Akatembea mpaka maporomokoni. Tonton Ruphin alikuwa anafunga mtego wake kwa kamba, anaimba.

"Tonton, katikati ulitia nini?"

"Katikati ni katikati."

"Tonton!"

"Sikia. Juu iko ya macho ya batu. Chini iko ya simu yako. Katikati iko ya nani? Haina mwenyewe! Uliandika wapi kwamba unaangaliaka katikati?"

Marceline alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka, kwa sababu mzee alikuwa amesema kweli. Akaketi juu ya jiwe, akatoa simu.

"Unaandika jina yangu?" Sauti ya mjomba ikapungua.

"Hapana. Yangu."

Akaandika na kumsomea, kwa sauti ya kushinda maji: "Kitunga cha Mama Naomie nilikipindua, lakini sikukitandaza. Wakati kinafungwa, nilikwenda kupika chai. Kosa ni langu. Kitunga kingine kitafika kwa ndege kabla ya arusi, na kuanzia leo mutaona samaki mumoja mumoja."

Kamba ikamponyoka Tonton Ruphin mkononi. Mtoto wa dada yake amebeba mzigo wake mbele ya Bunia, Buta na Kindu, na hakumtaja.

Kesho yake asubuhi akaingia uani amevaa koti lake la Jumapili, lile la kijivu la kubatizia wajukuu, na kitunga kichwani. Hakusalimia. Akatandika turubai, akawapanga mboto wake mmoja baada ya mwingine, vichwa vyote vikitazama mto, akamgeuza kila mmoja tumbo na mgongo. Ilikuwa akiba yote aliyojikaushia. Alipomaliza akajinyoosha.

"Piga foto. Na hawa ba katikati, upige mara mbili."

Marceline akapiga, na koti la mjomba likaingia pichani.

Jumamosi mchana Mama Naomie alituma picha ya sufuria sita na bi arusi anayecheka, mdomo umejaa. "Nitumie vitunga viwili vingine," aliandika. "Vya yule mzee, papa wa koti."

Tangu hapo wateja wanamtaka papa wa koti. Ametokea kwenye blogu mara nyingi kiasi kwamba anadai koti lipigwe pasi kila akija, na anawafokea wavuvi wenzake wasioonyesha katikati. Wiki jana alileta kitunga kingine, jua kali, na Marceline, kwa heshima, akainuka.

"Tonton, nikupikie chai?"

"Kaa hapo!" mzee akaruka. "Weye baki na samaki. Chai nitapika miye."