Mashine ya Mama Haitupwi

Mama yangu akikataa jambo, hakatai mara moja. Anakataa asubuhi, anakataa mchana, na jioni ukidhani amesahau, anakukumbusha kwamba bado amekataa. Kwa hiyo ndugu yangu Kipkemei aliposema ile mashine ya michezo imekufa na itupwe, mimi nilijua vita vimeanza.

Niieleze kwanza, maana watu wakisikia mwanamke wa umri wake ana mashine ya michezo huanza kucheka kabla sijamaliza. Mama anaitwa Jepleting. Ni mjane, anaishi Dundori, kwenye shamba la viazi lenye ng'ombe mmoja wa gredi ambaye jina lake ni Madam. Mwaka jana alipatwa na kiharusi akiwa jikoni. Mdomo ulirudi haraka, na waliowahi kugombezwa naye watakuambia haukupoteza chochote. Mguu nao ukarudi. Mkono wa kushoto ukabaki umelala.

Hospitalini nesi mmoja alimpa mpira mdogo wa kufinyafinya. Alifika nao nyumbani akamrushia mbwa. "Mimi si mtoto wa kupewa mpira," alisema. Krismasi ilipofika, Kipkemei akaja na familia yake, na walipoondoka mwanawe Travis akasahau kwenye kochi mashine yake ya michezo, ile ya kushikwa kwa mikono miwili, kioo katikati na vitufe huku na huku. Mama aliiokota ili aiweke mbali, kidole kikagusa kitufe, gari likanguruma. Hajairudisha mpaka leo. Travis alipiga simu kuiulizia, akaambiwa huku Dundori network ni mbaya.

Mchezo wenyewe ni wa mbio za magari. Mkono wa kulia unatia moto, wa kushoto unakata kona na kushika breki. Kwa hiyo mwanzoni gari la Mama halikuwa na breki. Liliondoka vizuri, likafika kona ya kwanza, likaingia baharini. Alicheka, akakasirika, akaanza upya. Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea wakamkuta ameuma ulimi, macho kwenye kioo, akawaambia waanze tu, yeye atawakuta kwenye amina. Lakini polepole kidole gumba cha kushoto kikaamka, kisha cha pili yake. Siku moja gari likakata kona ya kwanza, likakata ya pili, na Mama akapiga ukelele nikatoka shambani mbio na jembe mkononi, nikidhani ameona nyoka. Nililia siku hiyo, sioni haya kusema.

Elewa kwa nini lilikuwa jambo kubwa. Tangu augue, mimi, Cherop, kitinda mimba wake, ndiye niliyekuwa nakamua, na nakamua vibaya, hata Madam anajua. Nina kibanda changu cha mboga mjini Nakuru na siwezi kuwa huku na kule. Kipkemei naye anafanya kazi ya bima mjini, ana nyumba Kiamunyi yenye chumba cha wageni, na mpango wake ulikuwa mfupi: Mama hawezi tena kukamua, basi ng'ombe auzwe, shamba likodishwe, Mama ahamie chumba cha wageni. Hakusema kwa ubaya. Ndugu yangu si mtu mbaya, ila anapenda kupanga watu. Mama akamjibu kwamba vidole vinarudi, vikirudi atakamua mwenyewe, na hadithi za Kiamunyi zikomee hapo. Tukakubaliana wote kungoja vidole.

Halafu mashine ikaanguka ndani ya maziwa.

Nilikuwa nakamua. Mama alikuwa amekaa kando kwenye gogo, mashine mapajani, jicho moja kwenye gari na la pili kwangu. "Unamvuta kama unang'oa viazi," akaniambia. Akainama kunionyesha, na mashine ikateleza kwenye aproni ikatumbukia ndooni. Tuliitoa inadondosha maziwa. Mtu wa kwingine angeiweka kwenye mchele. Lakini kwetu mchele ni wa wageni, na stoo kuna debe la ule unga mweupe wa Kariandusi, unaochimbwa huko chini karibu na Elmenteita, ambao Mama huchanganya na mahindi ili yasiliwe na wadudu. Unga ule hukausha kila kitu. Mama akaifuta mashine kwa leso, akaizika kwenye debe, akafunika, akanionya nisiguse.

Tulipoifukua ilikuwa imekauka kweli. Ila maziwa na unga vilikuwa vimeshikana ndani vikawa plasta. Upande wa kulia ulifanya kazi. Upande wa kushoto, hakuna kitufe kilichobonyea. Gari likarudi kuingia baharini.

Kipkemei alipopigiwa simu hakusikitika hata kidogo.

"Mama, hiyo kitu wachana nayo, imeisha. Nitakununulia mpya, ile ya kisasa, unagusa tu screen. Si tuuze huyo ng'ombe? Mnunuzi niko naye tayari. Ukikuja huku Kiamunyi unapata mashine poa kabisa, na kuna wifi."

"Wifi inakamuliwa?" Mama akauliza, akakata simu.

Asubuhi iliyofuata niliibeba mashine mjini nikampelekea Odero, fundi mwenye kimeza chini ya ngazi za jengo lililo karibu na kibanda changu. Odero hutengeneza simu, redio na chochote chenye waya. Aliitikisa, unga ukamwagika kwenye suruali yake.

"Siste, hii umeitoa kwa simiti?"

"Tengeneza tu, Odero."

"Nikuambie ukweli, nunua ingine. Hii itakumalizia pesa bure."

Nilirudi Dundori na jibu hilo, na moyoni nilikuwa upande wa Odero. Nilikuwa nimechoka. Nilimwambia Mama, labda Kipkemei anunue tu hiyo mpya, yaishe. Kesho yake, nikiwa nimepanga sukuma wiki kibandani, nilimwona anakuja, amevaa gauni la kanisa, mashine ameikumbatia. Alikuwa hajateremka mjini tangu augue. Alinipita bila salamu, akaenda moja kwa moja kwa fundi. Nikaacha mboga nikamfuata.

"Ni wewe ulisema itupwe?"

"Karibu mathe, kaa. Sikusema itupwe. Nilisema haina haja. Siku hizi vitu hazitengenezwi, zinabadilishwa."

"Ulifungua ukaona ndani?"

"Sijafungua."

"Sasa ulijuaje imekufa?"

"Ni experience, mathe. Nimeona nyingi."

"Daktari pia alikuwa ameona nyingi." Mama akanyanyua mkono wa kushoto, akauweka mezani katikati ya nyaya na simu za watu. "Aliangalia huu akasema hivyo hivyo. Hakuna haja. Nizoee mmoja. Sasa fungua hiyo kitu, mimi niko hapa."

Odero alinitazama kuniomba msaada. Hakupata. Alichukua bisibisi.

"Uwii! Hii ni keki," alisema mfuniko ulipotoka. "Na inanuka maziwa mala."

Mama alikaa kwenye kreti ya soda na hakuondoka. Odero alikwangua, akasugua kwa mswaki na spiriti, akapuliza, akasugua tena. Watu waliopanda ngazi walisimama kuchungulia, mmoja akauliza kama mathe anachezanga, na Mama akamwambia akitaka kushindana alete yake. Hatimaye Odero akainua kipande kidogo cha raba kilichochanika, kile kinachokaa chini ya vitufe vya kushoto.

"Hapa sasa ndiyo mwisho, mathe. Spea ya hii sina, na sijui nani ako nayo. Lakini niko na hii ingine, second hand, safi. Ni ya kugusa tu, haina hata vitufe."

Mama aliipokea ile nyingine kwa heshima. Akaigusa kioo, gari likakata kona bila shida yoyote, kwa kidole kimoja. Akagusa tena, likakata tena. Nikafikiri mambo yamekwisha. Akamrudishia.

"Hii inanifanyia kazi yangu," alisema. "Nataka ile nafanya mwenyewe."

Odero akakuna kichwa. Nadhani ndipo alipoelewa ni nini kilichokuwa mezani kwake. Akavuta boksi la rimoti za televisheni zilizokufa, akafungua moja, akakata raba yake kwa wembe, akaijaribu, akaikata tena kidogo. Alipomaliza kufunga, alibonyeza mwenyewe akakunja uso.

"Imeshika, lakini ni ngumu. Utabonyeza na nguvu. Mtu wa kawaida atachoka."

Mama akaweka kidole gumba cha kushoto juu ya kitufe. Mshipa wa shingo ukasimama. Kidole kikatetemeka, kikakataa, kikatetemeka tena. Breki ikashika.

"Hapo sawa," alisema akivuta pumzi. "Ya kwanza ilikuwa inanidekeza."

Kuanzia siku hiyo alikuwa anabonyeza mpaka jasho linamtoka. Nilikuwa namwona mlangoni, kitambaa kimelegea kichwani, akitukana kona kwa Kikalenjin. Vidole viliendelea kurudi, kimoja baada ya kingine, isipokuwa kile kidogo cha mwisho. Kama angeweza kukamua au hangeweza, mimi sikujua. Hakuwahi kujaribu mbele yangu, na nilipouliza aliniambia nikaangalie viazi.

Jumamosi moja Kipkemei akaja bila kupiga simu. Aliandamana na Hiram, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Ndabibi, mtu mpole mwenye fimbo na kofia. Chini ya kwapa Kipkemei alikuwa na boksi jipya, lina picha ya mashine ya kioo kitupu. Hiram alimzunguka Madam, akamshika mgongo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kiwele kilikuwa kimejaa, maana nilikuwa bado sijakamua.

"Mama, tulikubaliana," Kipkemei akasema. "Vidole zikirudi, unakamua. Haya, kamua tuone. Ukiweza, Hiram aende zake na sitaongea tena. Ukishindwa, tuache kusumbuana."

Nilisuuza ndoo. Nilikuwa namwomba Mungu kwa ajili ya kidole kimoja kidogo. Mama aliichukua ndoo, akaenda nayo mpaka kwa Madam, akaweka mkono wa kushoto ubavuni mwake, akaupapasa. Kisha akageuka, akarudi, akaiweka ndoo chini mbele ya mwanawe.

"Sikamui."

"Basi umeshindwa."

"Sijashindwa. Nimekataa."

Akamgeukia mgeni. "Hiram, umeoa?"

"Nimeoa, Mama."

"Siku ya kuletwa, bibi yako aliingia tu kwa nyumba yenu hivi hivi?"

Hiram akacheka. "Aingie hivi hivi? Alisimama mlangoni, akakataa kabisa, mpaka babangu akamtajia ng'ombe."

"Mimi pia. Nilisimama mvua inaninyeshea. Wakataja mbuzi, nikanyamaza. Wakataja kondoo, nikanyamaza. Shangazi yangu ananifinya kwa mgongo niingie tuache aibu. Sikuingia mpaka babake mume wangu akataja ng'ombe, na rangi yake, na watu wakasikia. Huyu Madam ni wa tumbo la huyo, ingawa baadaye uzao wake tuliupandisha kwa fahali wa gredi. Siku hiyo hakuna mtu aliniuliza kama nitaweza kukamua mpaka nizeeke. Nilipewa kwa sababu niliingia hiyo nyumba, na bado niko ndani yake."

Akamwangalia Kipkemei. Sauti yake haikupanda, na ndiyo maana sote tulisimama wima.

"Nyinyi mlisema tungoje vidole, nikangoja na nyinyi kama mjinga. Kwani vidole ndivyo vina ng'ombe? Hata huu mkono ulale tena kesho, nitakunywa chai ya rangi, na Madam atakuwa hapa, na mimi nitakuwa hapa."

Hiram alivua kofia. "Kipkemei, hukuniambia huyu ni ng'ombe wa kuingilia nyumba. Huyo mimi sinunui. Hata mamangu hangeniruhusu nifike naye kwa boma." Akamuaga Mama kwa mikono miwili, akashika njia kwenda barabarani.

Nilitaka kupiga makofi. Kusema kweli nilipiga, mara moja, nikaacha kwa sababu Kipkemei aliniangalia. Alibaki amesimama na boksi lake, na kwa mara ya kwanza nilimwona ndugu yangu hana mpango.

"Na hii?" akauliza.

"Mpelekee Travis. Mwambie ile yake hairudi."

Madam akalia. Kiwele kilikuwa kinamuuma sasa, na maziwa yalianza kudondoka yenyewe kwenye matope.

"Sasa nani atakamua?" Kipkemei akauliza, akinitazama mimi.

Nikaikunja mikono yangu kifuani.

Mama akaisukuma ndoo kwa mguu mpaka ikagusa kiatu cha mwanawe, kiatu cheusi cha ofisini. "Una mikono miwili mizima, Kipkemei. Kaa."

Nilidhani atabisha. Alitazama ndoo, akatazama mkono wa Mama wa kushoto. Kisha akaniachia boksi, akakunja mikono ya shati lake lililopigwa pasi, akaketi kwenye kigoda na kushika chuchu mbili. Maziwa ya kwanza yalimwingia kiatuni.

"Kesho uje na gambuti," Mama akamwambia.